Dawa nilimeza, lakini sikuwa mzima

Mwaka 2021 nilichukua majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) mwilini. Nesi akanishika mkono: "Hongera dada, virusi havionekani." Yaani dawa zimevipunguza mpaka kipimo hakivioni. Nikashukuru, nikapanda daladala, nikashuka Tandika, nikaingia ndani na kukaa kitandani kiatu kimoja bado kiko mguuni. Nilikuja kushtuka adhana ya magharibi.

Mimi ni fundi cherehani. Siku hizo nilikuwa na kitenge cha sare ya harusi, madera kumi na moja, nimeshakata na kubana pini mabegani. Mashine naiangalia tu. Wateja wanapiga, simu naiacha iite. Dawa za VVU nilimeza kila siku saa tatu usiku bila kukosa hata siku moja, ndiyo maana sikujijua. Nilidhani anayeumwa ni yule aliyeacha dawa.

Mtaani mtu akiwa vile tunasema ana mawazo. Na mwenye mawazo anaambiwa ayaache, basi. Kwetu sisi tunaoishi na virusi ni pagumu zaidi, kwa sababu ukikonda kidogo wanaanza: "Si nilikwambia, ana miwaya," yaani ana UKIMWI. Unajifungia. Lakini ile hali ina jina, inaitwa sonona, ni ugonjwa unaotibika, na hutupata sisi zaidi ya wengine. Ukikaa wiki mbili au zaidi hutamani chochote ulichokuwa unakipenda, usingizi umekata au unalala mno, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, usijiambie utazoea. Sonona ndiyo inayowafanya wengi waanze kuruka dozi.

Kuna kitu kilinichelewesha ambacho sijasikia kikisemwa sana: salamu zetu. Umefika kliniki alfajiri, foleni ndefu, nesi anauliza, "Unaendeleaje?" Mdomo unajibu wenyewe, "Vizuri." Nilijibu hivyo mara tatu mfululizo. Na kwa kuwa aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mitatu au sita, "vizuri" moja ya uongo unaweza kukaa nayo nusu mwaka.

Aliyenitoa ni mama mmoja, WAVIU mshauri pale kliniki, yaani anayeishi na virusi kama sisi na anashauri wenzake. Nilifungua pochi nikatoa chupa ya dawa, niliyoijaza pamba ili vidonge visilie ndani ya daladala. Akaiangalia ile pamba, akasema taratibu, "Hata mimi nilikuwa natia." Halafu akauliza, "Mwanangu, unalala?" Hakuwa ameniuliza naendeleaje. Nililia pale pale kwenye benchi, akanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, uende na sentensi umeshaiandaa nyumbani: "Daktari, ni wiki ya tatu silali na sitamani kitu." Uliza pia kuhusu dawa zenyewe. Hizi za sasa zenye dolutegravir zipo zinazowakatia baadhi yetu usingizi. Mimi daktari alinihamishia dozi asubuhi, ikasaidia. Zile za zamani zenye efavirenz ziliwaletea wengine ndoto mbaya na huzuni. Uliza, usiache wala usibadili mwenyewe.

Nilipewa ushauri nasaha na vidonge vya sonona. Vidonge hivyo vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wiki ya pili nilitaka kuvitupa, namshukuru Mungu sikuvitupa. Ukiandikiwa na daktari mwingine, mwambie unatumia ARV, yaani dawa za VVU, maana kuna dawa hazipatani. Maombi endelea nayo, mimi nasali sana, ila anayekwambia uache dawa kwa sababu umeshaombewa, huyo mkimbie.

Na ukianza kuwaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Siku hiyo hiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hospitali: kwa sisi wa Dar es Salaam ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, popote palipo karibu. Usibaki peke yako usiku huo. Wewe uliye na ndugu wa aina hii, nenda naye, kaa naye kwenye foleni, usimhubirie.

Madera yale sikuyawahi, harusi ilipita, nikarudisha pesa za watu kidogo kidogo. Chupa bado naitia pamba nikipanda daladala. Ila nikiulizwa kliniki naendeleaje, nanyamaza kwanza, ndipo najibu.