Kitovu kinachosingiziwa, figo ya tatu na maswali mengine ya upasuaji

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, na kwa watu wanaosubiri zamu yao ya kupasuliwa au waliokwisha kupasuliwa. Mwenye maumivu makali sasa hivi asingoje safu hii. Aende hospitali.

Mwalimu alitufundisha kwamba kidole tumbo kiko chini upande wa kulia. Mgonjwa niliyempokea wodini alisema maumivu yalimwanzia kitovuni, na bado aliambiwa ni kidole tumbo. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Kidole tumbo ni kijimrija kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, na kweli kipo chini kulia. Shida ni kwamba viungo vya ndani haviumi kama ngozi. Ukichomwa sindano, unajua papo hapo ni kidole kipi. Utumbo ukivimba, ubongo unapata habari ya maumivu lakini haupati mahali penyewe. Mishipa ya fahamu ya kidole tumbo inaingia kwenye uti wa mgongo kwa usawa uleule inapoingia mishipa ya ngozi ya kitovuni, na ubongo, uliozoea zaidi habari za ngozi, unakisingizia kitovu.

Saa kadhaa baadaye uvimbe unagusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Utando huo una mishipa inayojua mahali barabara, kwa hiyo maumivu yanahamia chini kulia na mgonjwa anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja. Ndiyo maana swali "yalianzia wapi?" lina thamani kuliko "unaumwa wapi?", nami nashangaa linavyosahaulika. Wapo wagonjwa wasiofuata mtiririko huo, hasa wajawazito na wale ambao kidole tumbo chao kimejificha nyuma ya utumbo mpana. Tena, maumivu yakikatika ghafla baada ya kuwa makali, usifurahie haraka; huenda kidole tumbo kimepasuka.

Leonid Rogozov, daktari wa Kisovieti, aliyatambua hayo mwilini mwake mwaka 1961, akiwa daktari pekee kwenye kituo cha utafiti kule Antaktika. Alijipasua mwenyewe kwa sindano za ganzi, wenzake wakimshikia kioo na kumpa vifaa, kwa karibu saa mbili. Alipona.

Nimeambiwa nisile wala kunywa kabla ya upasuaji. Hata chai kidogo?

Hata hiyo. Nusu kaputi haikulazi usingizi tu, inazima pia kukohoa na kupaliwa, yaani ulinzi wote wa njia ya hewa. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati huo kinaweza kuingia mapafuni, na asidi ya tumbo inayaunguza. Kwa kawaida chakula kigumu husimamishwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2. Chai yenye maziwa inahesabiwa kama chakula. Fuata muda uliopewa na wanaokuhudumia, kwa sababu wao wanajua hali yako. Ukijisahau ukala, sema. Upasuaji utaahirishwa, utanuniwa kidogo, basi. Wakati huohuo mtajie mtaalamu wa usingizi dawa zote unazotumia, hasa za kisukari na za kuzuia damu kuganda, na meno ya bandia kama unayo.

Nimetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo. Nitasagaje mafuta sasa? Na mbona bega la kulia linaniuma kuliko tumbo lenyewe?

Nyongo haitengenezwi na ule mfuko, inatengenezwa na ini. Mfuko ulikuwa unaihifadhi na kuikoleza tu. Sasa itatiririka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, kidogo kidogo mchana na usiku. Baadhi ya watu huharisha mwanzoni wakila vyakula vya mafuta mengi, kisha wengi huzoea. Wengine huniuliza kwa nini mawe yasitolewe na mfuko ukaachwa. Kwa sababu mfuko uliotengeneza mawe ya kwanza utatengeneza na mengine. Carl Langenbuch aliliona hilo Berlin mwaka 1882, akautoa mfuko mzima, na mpaka leo tunafuata njia yake ingawa matundu yamekuwa madogo.

Kuhusu bega, rudi kwenye kisa cha kitovu hapo juu. Ili kamera ione, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi. Inayobaki inasumbua kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni, usawa mmoja na mishipa ya ngozi ya begani, na ubongo unakosea tena. Maumivu hayo huisha ndani ya siku chache, na kutembeatembea kunasaidia. Lakini ukipata homa, macho kuwa ya njano, tumbo kuzidi kuuma au pumzi kukubana, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mume wangu ana uvimbe kinenani, akilala unarudi ndani. Mwaka mzima anakunywa dawa za ngiri. Atapona?

Dada yangu, kwa kunywa dawa hapana. Hilo ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, na hakuna dawa ya kunywa inayoshona tundu. Korodani hutengenezwa ndani ya tumbo, juu karibu na figo, kisha kabla ya kuzaliwa hushuka kupitia mfereji wa kinena. Njia hiyo hubaki dhaifu, ndiyo sababu wanaume huugua zaidi ngiri ya aina hii. Mpasuaji hurudisha kilichotoka na kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa wavu maalumu. Uvimbe usiomsumbua unaweza kungoja chini ya uangalizi wa daktari. Usiongoje hata usiku mmoja ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, au akianza kutapika na kukosa choo. Hapo utumbo umenaswa na damu yake inakatika.

Wakati mwingine kinachotokeza si utumbo. Mwaka 1735 huko London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Akakitoa, na huo ndio upasuaji wa kwanza wa kutoa kidole tumbo unaojulikana kuandikwa.

Shikamoo daktari. Niko mwaka wa kwanza, mifupa 206 imenishinda kukariri.

Marahaba mwanangu. Anza na mikono na miguu. Kila mkono, kuanzia kifundo, una mifupa 27, na kila mguu, kuanzia kifundo, una 26. Jumla ni 106, zaidi ya nusu ya hesabu yako. Ipapase mwilini mwako ukiitaja. Kisha kwa kila mfupa jiulize nani jirani yake. Mfupa wa mkono wa juu, kwa mfano, umezungukwa kwa nyuma na mshipa wa fahamu. Ukivunjika katikati, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua kiganja. Jina lenye mgonjwa halisahauliki kirahisi.

Kaka yangu atapandikizwa figo. Zile mbovu zinatupwa?

Mara nyingi zinaachwa palepale. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, kwa sababu mishipa mikubwa ya damu ya kuiunganisha iko hapo na kibofu kiko karibu. Za zamani hutolewa zikiwa na sababu, kama maambukizi yasiyoisha au kuvimba kupita kiasi. Kwa hiyo asishtuke akija kupigwa picha akaambiwa ana figo tatu. La kumsisitizia ni dawa za kutuliza kinga ya mwili. Atazimeza kila siku muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi, hata siku anazojisikia mzima kabisa.