Hata posa tunatuma mshenga

Mmeuliza wiki hii kwa nini urafiki wa sharika zetu na makanisa ya nje unavunjika wakati wote tunampenda Yesu yule yule. Mimi nimewatafsiria wageni wa Kijerumani huku Kilimanjaro miaka kadhaa, na nachokiona ni kwamba tunaaibishana bila kujua.

Siku moja kwenye kikao mgeni mmoja, kijana mpole tu, akamuuliza mtunza hazina mbele ya wazee wote wa kanisa, jamani hela ya pampu ya maji iko wapi, na mimi nikatafsiri hivyo hivyo. Mzee huyo mtunza hazina akavua miwani, akaifuta na ncha ya koti taratibu, akavaa, akasema "tutaliangalia, asanteni sana kwa kuja". Kimya. Mgeni akaandika kwenye daftari: hajajibu. Kumbe hela iliezeka zahanati, upepo wa masika uling'oa bati na kamati nzima ikakubali, ila hakuna aliyewaandikia wafadhili maana kusema tumebadilisha matumizi ilionekana ni kukosa shukrani. Lile "tutaliangalia" maana yake ilikuwa sio hapa, mkwe wangu kakaa pale.

Sisemi aibu iwe kichaka cha wezi, wapo wanaojificha humo na wanatuumiza sana, risiti lazima zitoke. Nazungumzia njia ya kuuliza. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi kwa habari ya Uria, yule aliyeuawa kwa amri yake ili amchukue mkewe, hakuanza na "umeua", alianza na tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake, mfalme akajihukumu kwa kinywa chake ndo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Na Mathayo 18:15 inasema kwanza wewe na yeye peke yenu, sasa kikao cha watu ishirini kinaanzaje? Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika huku 1893, tumekuwa pamoja zaidi ya miaka 130, hili tungekuwa tumeshafundishana, na sisi wenyeji tuna kosa letu maana tunanyamaza halafu tunalalamika wageni wakishaondoka.

Kesho yake jioni mama mmoja kati ya wale wageni akaomba mwinjilisti ampeleke kwa mzee, nikawafuata kutafsiri. Tukanywa chai, tukaongea mvua, kahawa, wajukuu. Hata hajauliza kitu, mzee akainuka akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki, risiti za bati zimo zote mpaka za misumari.