Maswali Yenu: Mvinyo na wiski za akiba kwenye joto la Tanga

Ndugu yangu aliye London amenunua kreti mbili za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, chupa sita sita, bado zimo kwenye masanduku yake ya mbao. Nataka aniletee niziweke miaka kumi kisha niuze. Stoo yangu ina kiyoyozi, nawasha usiku. Inatosha? (Msomaji, Raskazone)

Haitoshi, na hicho cha kuwasha usiku tu ndicho kibaya zaidi. Mvinyo wa akiba unataka nyuzijoto 12 hadi 14 usiku na mchana, mwaka mzima. Stoo ikipanda hadi 31 mchana na kushuka 24 usiku, mvinyo hutanuka na kusinyaa kila siku. Ukitanuka unasukuma kizibo, ukisinyaa unavuta hewa. Dalili zake ni kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa, au michirizi inayonata chini ya foili. Mnunuzi mzoefu akiiona hiyo haombi hata kuonja.

Kama ni lazima zikae nyumbani, nunua friji ya mvinyo yenye kompresa. Zile ndogo za bei rahisi zisizo na kompresa hushusha joto nyuzi kumi na kitu tu chini ya joto la chumba, kwa hiyo Februari ya Tanga haziwezi kufika 13. Chupa zilazwe, mvinyo uguse kizibo kisikauke. Friji ya jikoni ni baridi mno na hewa yake kavu. Ndani weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa, maana umeme ukikatika ukiwa kazini hutajua.

Ila kwa kuwa unataka kuuza, sisi tungeziacha hukohuko Uingereza, kwenye ghala la forodha, kama hazijatolewa humo. Zikiwa humo ushuru na VAT havijalipwa bado, na mnunuzi anapata kumbukumbu ya mahali chupa zilipokaa muda wote. Kumbukumbu hiyo ndiyo nusu ya bei. Hakikisha kreti zimeandikishwa kwa jina lenu, si la muuzaji, na piga hesabu ya ada ya ghala na bima kila mwaka. Faida nayo si ya uhakika: bei za mvinyo wa daraja hili zilipanda hadi 2022, kisha zikaporomoka.

Marehemu baba alifanya kazi shamba la mkonge, meneja akamwachia chupa ya wiski ya Skochi ambayo haijafunguliwa. Imeandikwa miaka 12. Sasa si imefika sitini? Tumeilaza kabatini na naona imepungua. (Mama, Muheza)

Mama, shikamoo. Bado ni ya miaka 12. Wiski huzeeka ndani ya pipa; ikishatiwa chupani umri wake umesimama.

Isimamishe leo. Wiski, tofauti na mvinyo, hailazwi, kwa sababu kileo kikali hula kizibo. Bandika utepe mwembamba nyuma ya chupa, kwenye kioo wala si kwenye lebo, pale wiski ilipofikia, upige picha, uangalie tena baada ya miezi sita. Ikiendelea kushuka, zungushia kifuniko utepe wa nta unaotumika maabara. Lebo ivishe nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, kwani ukungu na mende wanaipenda gundi. Usiifute kwa kitambaa kibichi. Iweke chini, chumba cha ndani, gizani. Juu ya kabati karibu na bati ni jikoni kule.

Umri wa chupa ukadirie kwa ujazo. Aunsi 26⅔ kwa kawaida ni kabla ya 1980 hivi, sentilita 75 ni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sentilita 70 ni baada ya hapo. Bei usiitarajie sana. Chupa ya Skochi ya Macallan ya 1926 iliyouzwa London mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2 ilitoka kwenye pipa moja lililotoa chupa 40. Skochi za kawaida za wakati ule zilitengenezwa kwa malaki.

Nimetumiwa WhatsApp tangazo la pipa la wiski lililoko Skotilandi. Nalipa, napewa cheti, miaka mitano pesa inarudi mara mbili. Mnasemaje? (Kijana, Chumbageni)

Cheti si pipa. Dai namba ya pipa, jina la ghala, tarehe ya kujazwa na lita za kileo halisi, kisha liandikie ghala mwenyewe. Linalokufanya mmiliki ni agizo la kuhamisha lililotiwa saini na muuzaji na kukubaliwa na mwenye ghala. Pipa la lita 200 lililojazwa wiski yenye nguvu ya kileo asilimia 63.5 lina lita 127 za kileo halisi, na takriban asilimia 2 hupotea hewani kila mwaka. Nguvu ikishuka chini ya asilimia 40, kisheria hiyo si Skochi tena.

Na akikuahidi kwamba pipa la wiski ya kimea ya kiwanda kimoja (single malt) litashushwa bandari ya Tanga, mfungie namba. Tangu Novemba 2012 wiski ya aina hiyo hairuhusiwi kutoka Skotilandi ila ikiwa imeshatiwa chupani.