Wazo, mawazo, dhana, rai: maswali yenu na majibu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya maneno ya kichwani, yaani wazo, fikra, dhana na ndugu zao. Nimefurahi sana, maana haya tunayatumia kila saa na yakichanganyika watu hawaelewani kabisa.

Mi nauza vitenge hapa Arua, Uganda. Mteja Mkenya aliniuliza habari za biashara, nikamjibu niko na mawazo mingi. Akaweka kitenge chini akaniambia pole mama, Mungu atasaidia. Mi nilitaka kusema niko na mipango mizuri! Shida ilikuwa wapi?

Mama, mteja wako alisikia vile vile ulivyosema. Mawazo yakikaa peke yake baada ya "nina" au "niko na", mtu anasikia ada ya watoto, mgonjwa hospitali, deni la SACCO, yaani chama cha kuweka na kukopa. Ndo maana mtu akikaa kimya kashika shavu tunamuuliza mbona una mawazo, na huko kliniki wanasema msongo wa mawazo. Hata kwa Kiganda ebirowoozo yakiwa mengi mtu anakuonea huruma, kwa hiyo si Kiswahili peke yake.

Ukitaka ile maana yako nzuri, sema mawazo ni ya nini: nina mawazo ya kupanua duka, nina mawazo mapya ya biashara. Au tumia umoja, nina wazo, nimepata wazo, hapo hakuna atakayekupa pole hata siku moja. Angalia pia kitenzi unachokitanguliza, maana kutoa mawazo ni kuchangia kwenye kikao, kuzama kwenye mawazo ni kuwa mbali hata ukiitwa husikii, na kumtia mtu mawazo ni kumkosesha usingizi. Alafu ni mawazo mengi, si mingi, na mawazo yangu, si zangu. Najua huku kwetu "zangu" inabeba kila kitu na sokoni tunaelewana vizuri tu, lakini mtoto akiandika hivyo kwenye mtihani anakatwa maksi na inauma kwa sababu kusahihisha ni kitu kidogo sana.

Nadhani, nafikiri, naona, naamini, si ni kitu kimoja? Mi ni mlinzi Jinja, huwa naandika ripoti.

Kwa kazi yako ndugu yangu si kitu kimoja hata kidogo. Ukiandika "nadhani aliruka ukuta" umesema hukuona, unakisia. Ukiandika "nafikiri aliruka ukuta maana nyayo zinaishia pale" umepima na una sababu. "Naona" ni vile jambo linavyokukalia wewe, kama naona tuongeze taa upande wa nyuma, lakini ukisema "nilimwona akiruka" sasa huo ni ushahidi wa macho na polisi watakuuliza saa ngapi, alivaa nini. "Naamini" ni umesimama hapo huondoki.

Na uchunge sana "nilidhani". Ikishakuwa wakati uliopita, mara nyingi maana yake ulikuwa unakosea, kwa mfano nilidhani ni fundi wa maji kumbe mwizi. Kwa hiyo kama bado unaamini kitu, usikiandike na nilidhani.

Fikiri na fikiria?

Fikiri ni kichwa kufanya kazi tu: acha nifikiri kwanza. Fikiria inadai kitu cha kufikiriwa: fikiria watoto wako, nimekufikiria jana. Na fikra na fikira zote zipo, usigombane na mtu. Mi naona fikra ni nzito kuliko mawazo, ni msimamo mzima wa mtu au wa chama, ndo maana Tanzania enzi za Nyerere walikuwa wanaitikia "zidumu fikra za Mwenyekiti", hakuna aliyesema zidumu wazo.

Mimi ni mwalimu Tororo. Dhana nawaelezea vipi watoto, na nadharia je?

Mwalimu, asante kwa hili. Dhana ni picha ya jambo tuliyonayo akilini, ya kweli au ya uongo: dhana ya haki, dhana ya uhuru. Ikiwa ya uongo tunasema dhana potofu, na mfano unao hapohapo nyumbani. Watu wazima wengi Uganda, hasa Buganda, walikua wakisikia Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Dhana hiyo haikutoka hewani, watu walisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na rais wa wakati huo, Idi Amin, ndiye aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, kwa hiyo hofu na lugha vikashikana. Sasa hivi ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Sheria imeshabadilika ila dhana bado ipo kwa baadhi ya wazazi, na hapo watoto watakuelewa haraka kabisa tofauti ya dhana na ukweli. Nadharia yenyewe ni maelezo yaliyopangwa ya kwa nini kitu kinatokea, unaweza kuyapima. Usiwaambie ni "kitu cha kudhani tu", utawapoteza kwenye sayansi.

Ile AI ya kompyuta, tuiite akili bandia au akili mnemba?

Zote zinatumika, na akili unde pia. Chagua moja uishike.

Kwenye kikao cha LC1, yaani baraza la kijiji, mwenyekiti anasema leteni maoni, mwingine anasimama anasema natoa rai. Wanabishana au?

Hapana, hawabishani. Maoni ni unavyoona, yametoka kwa "ona", na kila mtu anayo: maoni yangu, taka zichukuliwe Jumatatu. Rai pia ni maoni, lakini "natoa rai" ni kusihi, unawaomba watu wafanye kitu: natoa rai kwa wazazi wasitume watoto dukani usiku. Ndo maana viongozi wanaipenda. Wewe ukiwa na jambo la kupendekeza tu, sema "wazo langu ni" kisha useme, watakusikiliza vizuri na hutaonekana unahutubia.