Krypto si mkaidi, ni mbwa

Umeuliza kwa nini Krypto, mbwa wa katuni, humvurugia kazi bwana wake Superboy (Superman akiwa kijana) ilhali ana nguvu zilezile kama zake. Ni kwa sababu nguvu zimeongezeka, tabia imebaki ileile ya mbwa. Alitokea mara ya kwanza kwenye jarida la katuni la Adventure Comics namba 210, Machi 1955: Jor-El, baba yake Superboy kwenye sayari ya Krypton, alimrusha kwenye roketi ya majaribio, ikapotea njia, akafika Duniani miaka mingi baadaye. Mbwa wa kawaida akirukia kitu kwa furaha anaangusha kiti. Huyu anabomoa ukuta. Tazama pia viputo vya mawazo yake: anafikiri kwa maneno kamili, lakini anachofikiria ni kucheza na kufukuza vitu.

Kero kubwa zaidi ni siri: watu hawajui kwamba Superboy ndiye Clark, kijana wa kawaida. Mbwa mweupe mwenye joho jekundu akimfuata Clark hadi nyumbani, mambo yameharibika. Ndiyo maana hupakwa doa la kahawia mgongoni na kuitwa Skip.

Streaky, paka wa Supergirl, binamu yake Superman (1960), ana kasoro tofauti, na naona ndiyo iliyobuniwa vizuri zaidi: nguvu zake hutokana na kriptonaiti aina ya X (jiwe la kubuniwa kwenye katuni hizi), na huisha baada ya muda. Paka hajui zinaisha lini.

Ukitaka kuchora wa kwako, chukua tabia moja tu, mfano kuchimba au kubweka, izidishe kwa nguvu alizonazo, kisha tafuta kitakachovunjika kwanza. Ukimpa akili ya mtu mzima, utukutu wake unageuka uovu, na msomaji hatamsamehe.