Wanaosema sala isiyotaja "Yahweh" haifiki: jibu kuhusu Jina la Mungu na tarehe za mwisho wa dunia

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mdogo wangu amejiunga na kikundi kinachofundisha kwamba sala isiyomtaja Mungu kwa jina lake la Kiebrania haifiki, na kwamba Biblia zetu zililificha jina hilo makusudi. Anasema hata "Yesu" ni jina la kipagani lililotokana na Zeu, mungu wa Wagiriki wa kale. Nilipomkumbusha kuwa waliolipigania jina la Yehova walishatangaza mwisho wa dunia zaidi ya mara moja na haukuja, akanijibu kuwa hayo ni mambo mawili tofauti. Je, ni kweli? Nimjibu nini?

JIBU: Amina, dada. Katika hilo la mwisho mdogo wako ana hoja, na ni vema umkubalie mapema. Aliyekosea tarehe si lazima awe amekosea jina. Habari za jina hupimwa kwa hati za kale, na za tarehe kwa kalenda. Yapo mahali mambo haya yanapokutana, nami nitafika huko, ila tuanze na jina.

Jina lenyewe si la kubuni. Herufi nne za Kiebrania, YHWH, zinaonekana takriban mara 6,800 katika Agano la Kale, na zimo pia katika jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK. Kwa hiyo anayesema kuwa Mungu wa Israeli alijitambulisha kwa jina anasema kweli (Kutoka 3:15). Ugumu uko kwenye matamshi. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, irabu akazijua msomaji mwenyewe. Kadiri karne zilivyopita, Wayahudi wakaacha kulitamka jina hilo kwa kulicha. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inaeleza kuwa hekaluni makuhani walibariki watu kwa jina kama lilivyoandikwa, nje ya hekalu wakatumia jina mbadala, na kwamba Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alipolitamka watu walianguka kifudifudi. Hekalu lilibomolewa mwaka 70 BK, na ibada iliyokuwa imeyahifadhi matamshi hayo ikakoma.

Kisha wakaja Wamasoreti, wasomi wa Kiyahudi waliotia alama za irabu kati ya karne ya 6 na ya 10. Penye YHWH waliweka irabu za neno "Adonai", yaani Bwana, ili msomaji akumbuke kutamka Adonai. Wasomi wa Ulaya wasioijua desturi hiyo wakachukua konsonanti za neno moja na irabu za jingine wakazisoma pamoja, ndipo likapatikana "Yehova". Umbo la namna hiyo limo katika maandishi ya mtawa Mkatoliki wa shirika la Wadominiko, Raymundus Martini, wa karne ya 13, na William Tyndale akalitumia katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1530.

"Yahweh" lina msingi ulio bora zaidi, lakini nalo ni makisio. Kifupi "Yah" kimehifadhiwa ndani ya neno Haleluya. Askofu Theodoret wa Cyrus, katika karne ya 5, anaripoti kuwa Wasamaria walitamka "Iabe". Ila Wayahudi wa Elephantine huko Misri, karne ya 5 KK, waliandika herufi tatu tu, YHW, na hati ya Kigiriki ya kitabu cha Walawi iliyopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, inaandika "Iao". Ndiyo maana utawasikia wengine wanasema Yahuah, wengine Yahuwah, na kila kundi lina hakika kuwa lenzake limekosea. Muulize mdogo wako: kikundi chenu kinatamka lipi, na kwa hati gani? Kama kusikiwa kwa sala kunategemea irabu ambazo hakuna aliye hai anayeweza kuzithibitisha, basi na sala zao wenyewe zina mashaka.

Kuhusu kufichwa, fungueni pamoja Biblia ya Union. Kila penye YHWH wafasiri wameandika BWANA kwa herufi kubwa, na herufi hizo ndizo alama yenyewe. Katika Kutoka 6:3 na Zaburi 83:18 utakuta YEHOVA waziwazi. Habari Njema inatumia "Mwenyezi-Mungu" kwa kazi hiyohiyo. Anayeficha kitu haweki alama mahali alipokificha. Lakini tuwe wakweli kwa upande wa pili pia: baadhi ya nakala za kale kabisa za Agano la Kale la Kigiriki zina herufi nne za Kiebrania katikati ya maandishi ya Kigiriki, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa wafasiri wote wa kale waliandika "Bwana" tu. Wanaolipigania jina hawakuitoa hoja hiyo hewani.

Hoja inapokwama ni katika Agano Jipya. Tuna hati zake za Kigiriki zaidi ya 5,000, kamili na vipande, na hakuna hata moja yenye YHWH. Zinasema Kyrios, Bwana. Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova imeweka "Yehova" mara 237 katika Agano Jipya, kwa hoja kwamba jina liliondolewa mapema mno, na hivyo nafasi zake zikabuniwa upya kwa kutazama nukuu za Agano la Kale. Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, wala si kwenye irabu. Soma Warumi 10:9 mpaka 13. Paulo anaanza na kumkiri Yesu ya kuwa ni Bwana, kisha anafunga kwa kunukuu Yoeli 2:32: "Kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka." Katika Yoeli neno ni YHWH. Ukiweka "Yehova" katika mstari wa 13, unakata uzi ambao Paulo ameuvuta tangu mstari wa 9, na msomaji haoni tena kuwa mtume amelitumia kwa Yesu andiko linalomhusu Mungu wa Israeli. Kuhusu sala, Bwana wetu alipofundisha wanafunzi alisema, "Baba yetu uliye mbinguni, Jina lako litukuzwe." Alilitukuza jina bila kulitamka, na Gethsemane aliita "Aba" (Marko 14:36).

Hilo la Zeu lisikuchukulie muda mrefu. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, zaidi ya karne mbili kabla ya Kristo, walimwandika Yoshua mwana wa Nuni "Iesous". Kigiriki hakina sauti ya "sh", kwa hiyo Yeshua ikawa na "s", na majina ya kiume huongezwa "s" mwishoni. Jina la Zeu likibadilishwa kisarufi huwa "Dios" na "Dia", kama ilivyo katika Kigiriki cha Matendo 14:12-13. Hayana undugu.

Sasa tarehe. Karibu hesabu zote zilizovuma zina mashine moja: chukua namba katika unabii, geuza kila siku kuwa mwaka, chagua mwaka wa kuanzia, jumlisha. William Miller, mkulima wa Kibaptisti wa jimbo la New York, alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akaanzia 457 KK, akapata 1843. Ilipogunduliwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya 1 KK na 1 BK, hesabu ikasogea hadi 1844, na mfuasi wake Samuel Snow akaitaja siku yenyewe, 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ikapita, nayo inaitwa hadi leo Kukata Tamaa Kukuu.

Charles Taze Russell, mwanzilishi wa kundi ambalo baadaye liliitwa Mashahidi wa Yehova, na wenzake walichukua "nyakati saba" za Danieli 4, wakazidisha kwa 360 wakapata 2,520, wakaanzia 606 KK, wakafika 1914. Mwaka sifuri ukawasumbua na wao pia, kwa sababu kutoka 606 KK hesabu ingefika 1915. Baadaye, katika miaka ya 1940, mwanzo ukahamishwa hadi 607 KK. Angalia vizuri kilichosogezwa: ni tukio la kale, kuanguka kwa Yerusalemu, ambalo wanahistoria, kwa kutumia kumbukumbu za Babeli, wanaliweka 587 au 586 KK. Jibu lilikuwa limeshapendwa, swali ndilo likarekebishwa. Vita vya 1914 vilikuja kweli, lakini kilichokuwa kimetarajiwa ni kukoma kwa serikali za wanadamu, nazo hazikukoma. Kijitabu chao cha 1920 kikasema Ibrahimu, Isaka na Yakobo wangefufuka mwaka 1925. Kitabu chao cha 1966 kikaelekeza macho kwenye 1975, kwamba miaka 6,000 tangu Adamu ilikuwa inatimia.

Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alikuwa na njia ya ajabu zaidi. Alizidisha 5 kwa 10 kwa 17, akapata 850, akaizidisha kwa yenyewe, ikawa 722,500. Hizo akasema ni siku kutoka 1 Aprili 33 BK hadi 21 Mei 2011. Hesabu ni sahihi, ndiyo maana iliwanasa watu. Ila hakuna andiko linalosema zidisha tano kwa kumi kwa kumi na saba.

Kosa, basi, haliko katika kujumlisha. Liko katika kugeuza siku kuwa miaka na katika kuchagua mwanzo. Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 zinatumia siku kwa mwaka kwa sababu Mungu mwenyewe aliagiza hivyo katika jambo hilo mahususi, si kanuni ya kila namba. Na nyakati saba za Danieli 4 zilimpata Nebukadneza mwenyewe, sura hiyohiyo inasema hivyo. Watakujibu: "Tumekatazwa kujua siku na saa, mwaka hatukukatazwa." Jibu lake ni Matendo 1:7: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira." Mwaka umo humo.

Tarehe ikipita, njia huwa chache. Inasogezwa mbele, au tukio linafanywa lisiloonekana: 1844 ikaelezwa kuwa huduma iliyoanza katika patakatifu pa mbinguni, 1914 ikawa kuwapo kwa Kristo kusikoonekana kwa macho. Au waumini wanaambiwa kuwa wao ndio waliotarajia kupita kiasi. Njia adimu ni kukiri. Miller alikiri kosa lake mwaka 1844 baada ya muda wake wa kwanza kupita, ingawa baadaye aliikubali ile siku ya Oktoba. Camping alikiri mwaka 2012 na kusema kuwa kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Hilo tuwape.

Mahali mambo mawili yanapokutana ni Kumbukumbu la Torati 18:20-22. Sheria inayompima nabii haitaji kutabiri tu, inataja kunena "kwa jina la BWANA" jambo lisilotimia, na kuhusu mtu huyo inasema, "usimwogope." Iweke pamoja na Kutoka 20:7, usilitaje bure jina la BWANA. Mtu anaweza kulinda kila irabu ya jina na bado akalitaja bure kwa kuligonga kama muhuri juu ya hesabu zake. Watasema hawakudai kamwe kuwa manabii wenye uvuvio. Pokea jibu hilo, halafu uliza swali linalofuata: waliotilia shaka 1975 kabla haijapita walikuwa sahihi, je, walitendewa kama watu walio sahihi? Kikundi kinachokiri kuwa kinaweza kukosea hakina haki ya kumhesabu anayekihoji kuwa amemwasi Mungu. Mwulize mdogo wako kama katika kikundi chake mtu anaweza kusema "sina hakika na hili" akabaki na marafiki zake.

Usimcheke, na usimpe maswali yote siku moja. Chukua Warumi 10 siku ya kwanza, mwishoni kabisa tarehe, maana ukianza na tarehe atajitetea tu. Lakini akianza kuambiwa auze mali, aache shule au kazi, aache dawa, au afunge bila kikomo kwa sababu mwisho umekaribia, acha mjadala wa maandiko hapohapo. Huko Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, mamia walikufa katika makundi yaliyohubiri mwisho wa dunia. Hapo ni kuita wazee wa familia na polisi, siku hiyohiyo.

Kama hakuna dalili hizo, na anataka kuomba pamoja nanyi nyumbani akisema "Yahweh" au "Yehova", mwacheni aombe, nanyi itikieni amina. Akikatazwa na kikundi chake kuitikia amina yenu mnaposema "Baba yetu", niandikie tena.