Nyota juu ya Kibo: majibu kwa wapiga picha wa Moshi na Arusha

Naishi Soweto, Moshi. Mbona kwenye picha zangu Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, haikai juu ya mlima kama ninavyoona kwa wengine?

Tatizo si kamera yako, ndugu yangu. Ukiwa Moshi, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko kaskazini moja kwa moja. Kitovu cha Njia Nyeupe, ile sehemu nene yenye mng'ao, huchomoza kusini-mashariki na kuzama kusini-magharibi. Ukiutazama mlima, umekipa mgongo. Wenye picha hizo husimama upande mwingine, kwa mfano Enduimet, ambako mlima uko kusini-mashariki. Huko ni kukavu kuliko Machame na Kibosho, kwa hiyo mawingu nayo ni machache. Nenda Juni, usiku usio na mwezi, giza likishaingia tu. Ukichelewa, kitovu kitakuwa kimeshapanda mbali na kilele.

Lakini usiihame Moshi haraka. Ncha ya kaskazini ambayo nyota zote huonekana kuizunguka iko digrii 3 hivi chini ya upeo wa macho, nyuma ya Kibo kabisa. Ukirekodi anga kwa saa moja, nyota zitachora matao juu ya mlima, kila moja ikisogea digrii 15. Picha hiyo naipenda kuliko ile ya Njia Nyeupe, na wenye kuipiga ni wachache mno.

Hayo matao napigaje?

Stendi imara, lenzi pana, fokasi ya mkono kwenye nyota angavu. Anza na uwazi wa lenzi f/2.8, unyeti wa mwanga ISO 1600, sekunde 30 kwa kila picha, kisha iache kamera ipige mfululizo kwa saa nzima. Picha utaziunganisha nyumbani kwa programu. Usijaribu kufungua shata saa nzima kwa mkupuo mmoja, taa za mji zitakuharibia. Beba betri ya akiba. Simu yenye modi ya usiku inatosha kwa picha mojamoja, mradi isishikwe mkononi.

Kibo inatoka nyeusi tii. Nifanyeje?

Tumia mwezi. Wengi huukimbia, na kwa Njia Nyeupe ni sawa, lakini mwezi wa robo ukiwa nyuma yako huiangaza theluji vizuri sana. Januari na Februari, kuelekea alfajiri, nyota saba za Dubu Mkubwa hupita juu ya kilele. Kwa msimu huo wa kiangazi sijui picha nzuri zaidi.

Ziwa Chala linafaa?

Sana, hasa alfajiri. Mlima uko kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua likichomoza huipiga Kibo usoni kabla mawingu hayajaifunika. Kingo za kreta ni mwinuko mkali. Fika mchana uchague pa kusimama.

Niko Arusha. Mlima Meru je?

Mjini hali ni ile ile ya Moshi, mlima uko kaskazini. Maziwa ya Momella ndiyo mahali pake: Meru inakuwa magharibi, na Septemba hadi Oktoba kitovu huteremka kushoto kwake katika nusu ya kwanza ya usiku. Lakini ni ndani ya hifadhi, huwezi kuzurura gizani. Lipia kambi, na umweleze askari wa hifadhi unachotaka kupiga kabla jua halijazama. Vijijini, mwone kwanza mwenyekiti wa kijiji. Droni ina vibali vyake. Usiirushe bila hivyo.